Nimelegeza Breki za Gari Letu la Safari

Mpendwa Mama Jokébed,

Nisaidie kabla ya Jumamosi, na nakuomba usinicheke, maana mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na barua hii naiandika nikiwa nimeketi kwenye kiti cha dereva cha gari lisilokwenda popote, vioo nimevipandisha juu, ili mke wangu akipita uani adhani nakagua taa.

Nilikuwa dereva wa malori tangu ndevu zilipoanza kuniota, nikiwachukulia mizigo wafanyabiashara wa hapa Butembo kutoka Mombasa, Nairobi na Kampala, na mara nyingine tajiri wangu alinikodisha kupeleka mahindi ya msaada kaskazini ya Kenya, Turkana, huko jangwani unakoendesha tangu asubuhi bila kuona hata mgomba mmoja, na nimelala chini ya milima yenye theluji, na nimepita kando ya mbuga ya Kidepo ambako mto ni mchanga mtupu na tembo wanauchimba kwa miguu wakitafuta maji, na haya yote mke wangu Kyakimwa ameyajua kwa kuyasikia tu, kwa sababu yeye safari yake ndefu kuliko zote ni ile ya Kasugho kwa dada yake kuchukua maharagwe. Basi nilimwahidi kwamba siku nitakayostaafu sitabeba tena saruji ya mtu, nitambeba yeye, tuizunguke milima na mbuga za jangwani kwa raha zetu, tulale pale tutakapochoka, na sikuwa namdanganya, Mama, nilikuwa namaanisha.

Nilipostaafu tajiri akaniachia Fuso ndogo niliyoizeesha mwenyewe, nami nikamwita seremala akajenga nyumba nyuma yake, nyumba kweli, kitanda cha watu wawili, kabati, mahali pa kuweka mbabula, jiko letu la makaa, na madumu ya maji, na Kyakimwa akashona mapazia ya maua ya njano, na wale majirani waliosema wazee hawa wamerukwa na akili ndio hao hao waliokuja Jumapili baada ya misa kupanda na kushuka na kujilaza kitandani waone kama kinatosha.

Unajua kwetu mtu haondoki kimyakimya kama mwizi wa kuku. Kyakimwa aliiaga jumuiya, akawaaga wenzake wa sokoni, akawaaga ndugu wa Lubero na wa Beni, na kila aliyeagwa akaleta cha njiani, huyu unga wa muhogo, huyu karanga, huyu jogoo aliyefungwa miguu, wakatuombea, wakatuwekea mikono kichwani, na sisi hatukuondoka. Unga ulipoanza kuingia wadudu tukaula. Jogoo naye tukamla. Kisha Kyakimwa akaaga mara ya pili, na watu kwa wema wao wakaleta tena, na sasa akienda bombani wanamwuliza, "Mama Delphin, bado tu muko?" naye anarudi na ndoo kichwani, uso umekunjamana, ananiambia, "Papa Delphin, tumekula safari ya batu mara mbili. Mara ya tatu batatuletea sumu."

Hatukuondoka kwa sababu mimi naogopa. Nimeliandika neno hilo na sitalifuta. Mwaka wangu wa mwisho kazini tulikuwa katika msafara, tumetoka Beni kuelekea Oicha, askari mbele na askari nyuma kwa ajili ya waasi, na tulipopita Mbau nilisikia mlio, nikadhani ni tairi limepasuka, nikawaza maskini, nani huyo atakayebadilisha tairi mahali kama hapa, kisha nikaona lori lililokuwa mbele yangu linawaka, na ndani yake alikuwa Hamisi wa Beni, ambaye asubuhi ile tulikunywa chai kwa kikombe kimoja kwa sababu mama wa chai alikuwa amevunja kingine. Mimi sikuumia hata ukucha. Nilifikisha mzigo, nikarudi, watu wakasema Mungu mkubwa, nami nikasema Mungu mkubwa, na hakuna aliyenisikia nikisema zaidi ya hapo. Lakini tangu siku ile, Mama, nikikaa nyuma ya usukani na barabara iko wazi mbele yangu, mguu wa kushoto unaanza kucheza wenyewe juu ya embrayage, ile pedali ya klachi, jasho linanitoka mgongoni, na jirani akibamiza mlango naweza kujikuta nimelala sakafuni. Kyakimwa hajui. Juzi Élise, jirani yetu, alimwonya juu ya hatari za njiani, naye akamjibu akicheka, "Mbau iko kule juu, siye tunashuka Kasindi. Na kisha mimi naenda na dereva, hapana na mutu tu." Nilikuwa ndani nikasikia, nikatamani ardhi ipasuke.

Ndipo nikaanza kuliharibu gari langu mwenyewe. Nilianza kwa kulegeza waya za betri, nikasema betri imekufa, tukabaki. Likatengenezwa, nikatia maji kwenye mazout, yaani dizeli, likakohoa getini likazimika, tukabaki. Kila likitengenezwa naliharibu tena, yeye akiwa sokoni au misani, na kila mara fundi wetu Maliro, ambaye nimempelekea magari tangu karakana yake ikiwa mabati mawili na mti wa kuegemea, anakuja, anatengeneza, anakuna kichwa. Mwishowe Kyakimwa alichoka, akaenda mwenyewe pale karakana, mbele ya wateja, akapaza sauti, "Wewe Maliro unaiba byuma bizuri mu gari yetu, unatia bya kuoza! Hii gari ilikuwa nzima mbele ya wewe kuigusa!" Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikatazama viatu vyangu. Maliro alinigeukia mimi, akainua nati moja, akasema polepole, "Papa, écrou haijifungue yenyewe." Sasa nasikia wenye malori wengine wameanza kumpita, wanapeleka magari kwingine.

Jumatatu hii nimefanya baya kuliko yote. Nililegeza nati ya bomba la mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele, kidogo tu, yatoke kwa matone, nikitegemea kwamba nikiliwasha nitasema breki hazishiki, na nani atambishia dereva juu ya breki? Jioni ile ile Kyakimwa akaniambia amenichoka, amempigia simu mdogo wake Kakule anayeendesha magari ya tajiri mmoja wa Beni. "Kakule atakuya samedi. Ataendesha yeye, wewe utakaa pembeni unamuonesha njia. Tunashuka Beni, tunalala, dimanche tunapita Kasindi. Imeisha." Yaani Jumamosi Beni, Jumapili mpaka wa Uganda.

Unaijua miteremko ya kwenda Beni. Na breki zilizolegezwa hivyo hazikuambii ukweli mapema, ukizikanyaga mara ya kwanza zinashika, mara ya pili zinashika, unaziamini, kisha unafika kwenye kona yenye korongo na mguu unakwenda chini kana kwamba umekanyaga maji. Nimechukua spana mara nyingi tangu Jumatatu. Nikiikaza ile nati, gari ni zima, Jumamosi tunaondoka, na mguu wangu utaonekana. Nikisema breki zinavuja, Kakule atainama aangalie, ataona nati iliyofunguliwa kwa mkono wa mtu, na Maliro ataelewa, na mke wangu atajua kwamba alimtukana mtu asiye na kosa huku mimi nikiangalia viatu. Nimesimama katikati na spana mkononi, siwezi huku wala kule, na siku zinakwenda.

Nimwambieje mwanamke aliyeshona mapazia? Na nikishamwambia kwamba dereva wake anaogopa barabara, nitabaki nani ndani ya nyumba ile? Nisaidie, Mama, na tafadhali ulifiche jina langu.

Dereva mstaafu, Butembo


MAMA JOKÉBED ANAJIBU

Papa dereva,

Breki kwanza, pole baadaye.

Unaomba nilifiche jina lako. Majina yote nimeyabadilisha, lakini gari nitalibadilishaje? Katika Butembo nzima kuna Fuso moja tu yenye mapazia. Hata mwenye pikipiki aliyeniletea barua yako aliniuliza kama safari ya jangwani imeahirishwa tena. Mimi nimetunza siri nyingi katika ukurasa huu wa gazeti, nyingine za watu mnaowapigia magoti, na nitakwenda nazo kaburini kwangu. Lakini siri inayotaka kumpeleka mwingine kaburini kwake haikuwa yako kuificha, wala si yangu kuitunza.

Barua ilinifikia Ijumaa mchana. Kama ningefuata utaratibu, jibu langu lingekukuta wiki hii ukiwa umekaa kwenye mkeka wa msiba. Nikapanda pikipiki nikaja kwako. Hukuwepo. Nikaambiwa umekwenda Musienene kumtazama mgonjwa. Mgonjwa gani, Papa? Mgonjwa ni wewe. Mtu anafungua breki, anaandika barua, kisha anaondoka na kuliacha gari uani na ufunguo umening'inia msumarini? Nilikukasirikia mpaka nikasahau kumlipa mwenye pikipiki, akanifuata hadi ndani ya geti.

Kwa sababu Kakule hakusubiri Jumamosi. Alikuwa ameshafika. Injini inanguruma, geti liko wazi, na mke wako ameketi mbele na kitambaa kipya kichwani, wanakwenda kujaza mazout mjini ili kesho yake wasichelewe. Kutoka getini kwako hadi barabara kubwa ni mteremko, na chini pale akina mama wa nyanya wamejipanga na watoto mgongoni. Nikasimama mbele ya gari. Mimi ni mnene na sina mbio, hivyo nilibaki hapo hapo.

"Mama, toka mu njia!" Kakule akapiga kelele.

"Sitoke. Zima. Hiyo gari haina frein."

"Frein iko!" Akakanyaga, na kweli pedali ikashika. "Unaona? Iko sana!"

"Kanyaga tena."

Akakanyaga.

"Tena. Na tena."

Pedali ikaenda mpaka chini. Sikuiona, nilimwona Kakule usoni, na niliogopa kama sijawahi kuogopa tangu nianze kazi hii ya kusoma shida za watu nikiwa nimeketi kwenye kiti. Akazima injini. Mke wako akateremka akishika mlango kwa mikono miwili, akainama, akaona mafuta yamelowesha tairi na udongo wa chini yake. Kakule akajilaza chini, akaangalia, akatoka na vumbi kwenye nywele.

"Yaya, hii haikuvunjika," akamwambia dada yake. "Mutu ameifungua."

Sikulitaja jina lako. Nilikuwa nimejiandaa hata kusema uongo mdogo wa kukufunika, Mungu anisamehe, lakini Kyakimwa hakuuliza ni nani. Aliketi kwenye ngazi ya ile nyumba yenu ya mbao nyuma ya gari, akavua kitambaa, akakikunja na kukikunjua. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake:

"Mama Jokébed, mimi na jangwa tuko na nini? Mimi sipende hata vumbi. Lakini bwana yangu tangu atoke kule Mbau hajacheka hata siku moja. Anaketi tu. Akilala anashika shuka sawa vile dereva anashika volant, anaita, 'Hamisi, Hamisi, simama.' Asubuhi namuuliza amelala namna gani, anasema muzuri. Nilisema, huyu akishika barabara tena pengine atanirudilia. Ni ile tu nilikuwa natafuta."

Umesikia? Woga wako aliujua kabla hujagusa waya wa kwanza. Kilichomketisha pale ngazini si woga wako, ni ile nati. Yeye alikuvuta barabarani akitaka upone, wewe ukamfungulia breki.

Nimemaliza kukukaripia. Sasa pole, na nakupa pole ya kweli. Kuogopa si kosa. Mtu aliyeona uliyoyaona, akarudi, akasema Mungu mkubwa na kunyamaza, huyo hana mguu mbovu, ana kilio alichokimeza kikiwa kizima. Hamisi alikuwa rafiki yako na hukumlilia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe nusura kikuumbue kwa kumchukua mke wako na watoto wa watu pale barabarani. Mpaka leo nikipanda kitandani nauona ule uso wa Kakule.

Fanya hivi. Rudi nyumbani leo. Naandika haya na bado hujarudi, na simu yako imezimwa. Usimtume mtu kwanza kupima hali ya hewa, rudi mwenyewe. Ukifika usianze na samahani ndefu, maana samahani ndefu ni njia nyingine ya kuficha. Anza na Hamisi. Mweleze mke wako habari ya msafara tangu asubuhi hadi mwisho, hata kama itakuchukua siku nzima na hata kama utalia mbele yake. Ameshakusikia ukimwita usingizini, hutamshangaza.

Kisha mwende wote wawili kwa Maliro, mchana, karakana ikiwa imejaa watu, na useme kwa sauti ile ile mke wako aliyomtukania: gari hili Maliro hakuliharibu, nililiharibu mimi. Utaona aibu, ndiyo. Aibu yako itaisha soko likipata habari nyingine, lakini fundi akishaitwa mwizi, watoto wake ndio wanaolala njaa. Kyakimwa naye amwombe msamaha hapo hapo, hilo nimeshamwambia na amekubali. Na ile nati aikaze Maliro. Wewe usiiguse.

Huo mguu unaocheza una tiba. Kwenye vituo vya afya hapa Butembo na Beni wako watu waliosomea kuwasikiliza walioona mambo kama hayo, na kukaa mbele yao si wazimu. Madereva wenzako wamekaa pale, wengine nawajua, na hawajaacha kuwa wanaume.

Kuhusu safari, siwatumi wala siwazuii. Hatari za barabara zetu ni za kweli, hazikuzushwa na mguu wako, na kwa hili namgeukia mke wako pia: Mama, acha kuaga. Huwezi kutangaza bombani siku ya kuondoka, gari la rangi gani na watu wangapi, katika nchi yetu hii na katika nyakati hizi, halafu ukashangaa mumeo anatokwa jasho. Siku ya safari ijulikane ndani ya nyumba tu. Asubuhi mnawauliza waliotoka huko, na wakikunja uso, mnavua viatu na kubaki. Waliowaletea unga na jogoo waambieni kweli, kwamba mzee hajawa tayari. Hakuna atakayedai jogoo wake.

Kwa sasa laleni ndani ya hilo gari hapo uani, muone kama kitanda kinatosha. Likishatengenezwa, Kakule awaendeshe mchana kweupe hadi kilima cha karibu, wewe ukiwa pembeni, mle, mrudi. Mguu ukianza, usiukaze wala usiufiche, sema, "Mguu umeanza." Mke wako ana mikono, ataushika. Siku utakayotaka kuushika usukani mwenyewe, utaushika hapo kilimani kwanza, si Kasindi. Na kama hamtafika jangwani kamwe, jangwa halitakufa kwa upweke.

Ufunguo wa gari usiutafute msumarini. Kyakimwa aliuchomoa mwenyewe, akaniwekea kiganjani, akanifumba vidole. Uko mezani kwangu ninapoandika. Njooni kuuchukua mkiwa wawili, Maliro akishasema gari ni zima. Ukija peke yako, Papa, nitakukaribisha vizuri, nitakusikiliza hadi mwisho, na utarudi mikono mitupu.

Mama Jokébed